Kulea, Kununua au Kusawazisha: Timu ya Kikapu Ifuate Njia Ipi Kuwania Ubingwa?

Wapenzi wa mpira wa kikapu wa hapa Moshi tuligawanyika katikati katika kikao chetu cha mwisho, na kila upande ulikuwa na hoja. Upande mmoja unataka fedha tulizochanga zitumike kuwaleta wachezaji wawili waliokomaa kutoka Dar es Salaam ili timu ipande msimu huu huu. Upande wa pili unataka fedha hizo hizo zimlipe kocha wa kudumu na kuwatunza vijana kumi wa sekondari ambao tayari tunao, na ambao hufika uwanjani kila jioni kabla hata ya mipira kuletwa. Mzee aliyeongoza kikao, baada ya kuwasikiliza wote kwa saa mbili nzima, alinigeukia akasema: "Mwalimu, wewe ndiye unayekesha ukiwatazama Wamarekani. Tuandikie basi, hao wenye fedha kuliko sisi walichagua nini, na nani alikuja kujuta." Nilimwahidi kwamba nitaandika, na ulinganisho huu ndio ahadi yenyewe.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia timu ya namna gani. Ligi ya NBA, ile ya kulipwa ya Marekani, ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 82 kabla ya mtoano, kwa hiyo timu yenye bidii na wachezaji wenye afya inaweza kushinda mechi 50 na bado isimtishe mtu yeyote. Kinachochuja ni mtoano, kwa kuwa huko timu mbili hukutana mpaka mojawapo ishinde mara nne, na bingwa anapaswa kuvuka hatua nne za namna hiyo mfululizo. Ukicheza na mpinzani mmoja hadi mara saba ndani ya majuma mawili, anakujua kama anavyojua njia ya kwake: anajua ni nani kwenu asiyeweza kutupa kutoka mbali, ni nani anayechelewa kurudi kwenye ulinzi, ni nani ambaye mikono humtetemeka kwenye mitupo huru, na usiku baada ya usiku atamwandama huyo huyo. Timu inayowania ubingwa kwa kweli ni ile isiyo na mahali pepesi pa kuandamwa, na yenye walau mtu mmoja anayeweza kupata kikapu hata pale mpango wote wa kocha unapovunjika.

Umuhimu wa mtu huyo mmoja unatokana na hesabu ya kawaida. Kwenye soka nyota ni mmoja kati ya kumi na mmoja. Kwenye kikapu ni mmoja kati ya watano, anashambulia na kulinda, na katika mechi kubwa anaweza kukaa uwanjani karibu dakika 40 kati ya 48. Ndiyo maana mabingwa wengi wa NBA wamekuwa na mmoja wa wachezaji bora kabisa wa wakati wao. Kwa hiyo ubishi wetu wa Moshi hauhusu kama nyota anahitajika. Unahusu namna ya kumpata, bei ya kumlipia, na watu wa kumzunguka akishapatikana.

Njia ya kununua humvutia mtu mwenye haraka, na ningekuwa nasema uongo kama ningesema haifanyi kazi. Boston Celtics walishinda mechi 24 tu katika msimu wa 2006/07. Katikati ya mwaka 2007 waliwachukua Ray Allen na Kevin Garnett, wakawaunganisha na Paul Pierce aliyekuwapo tayari, na msimu uliofuata wakashinda mechi 66 na kuutwaa ubingwa mbele ya Los Angeles Lakers. Wanaoutaja mfano huu kwenye vikao husahau mambo mawili. Wachezaji wengine wawili walioanza mechi, Rajon Rondo na Kendrick Perkins, walikuwa vijana waliokulia kikapu chao cha kulipwa pale pale Boston. Vilevile Garnett hakuletwa kuongeza pointi tu; alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2008, na timu nzima ilijifunza kulinda kwa kumtazama yeye.

Miaka sita baadaye Brooklyn Nets walitaka mafanikio yale yale na wakawanunua watu wale wale. Mwaka 2013 walimleta Garnett akiwa na umri wa miaka 37 na Pierce akiwa na miaka 35. Ili kuwapata, waliwapa Boston nafasi zao za raundi ya kwanza za drafti za miaka ya 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Kwa msomaji asiyefuatilia, drafti ni utaratibu wa kila mwaka ambao timu huchagua chipukizi kwa zamu, na zilizofanya vibaya hupata zamu za mwanzo. Kutoa nafasi hizo ni kutoa vijana wako wa kesho kabla hujawaona sura. Brooklyn walivuka raundi moja tu ya mtoano mwaka 2014. Pierce aliondoka baada ya msimu mmoja, na Garnett akafuata mwezi Februari 2015. Kwa nafasi ya mwaka 2016 Boston walimchagua Jaylen Brown. Nafasi ya mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza kabisa; Boston waliibadilisha kwa Philadelphia, wakashuka hadi ya tatu, na wakamchukua Jayson Tatum. Mwaka 2024 Brown na Tatum walikuwa nguzo za Boston iliyokuwa bingwa. Wazee wetu wana neno kwa mkulima aliyefanya walichofanya Brooklyn: amekula mbegu.

Miami Heat walipata bahati nzuri zaidi kwa sababu LeBron James na Chris Bosh walikuwa wamemaliza mikataba yao mwaka 2010, wakaja wenyewe kuungana na Dwyane Wade. Hata hivyo walishindwa na Dallas kwenye fainali ya 2011, na ubingwa wa 2012 na 2013 ulikuja baada ya kuongezwa watu wa kazi za kimyakimya kama Shane Battier, na baadaye Ray Allen kwa mitupo yake ya pointi tatu. Phoenix Suns ndio onyo la karibuni. Walimleta Kevin Durant mwaka 2023, wakamwongeza Bradley Beal mwaka huo huo, wakiwa tayari na Devin Booker; mwaka 2024 walitolewa na Minnesota kwenye raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja, na msimu uliofuata walishinda mechi 36 na hawakufika kwenye mtoano. Mishahara ya watu watatu ilimeza sehemu kubwa mno ya bajeti, na kanuni mpya za ligi huibana timu inayovuka kizingiti cha juu cha mishahara hata katika kubadilishana wachezaji, kwa hiyo walipoona mapengo hawakuwa na namna ya kuyaziba.

Nitasimulia na letu la nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kufundisha timu moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja, na viongozi wake waliwaleta wachezaji watatu wa kukodi wiki mbili kabla ya mashindano. Walikuwa hodari, sikatai. Lakini vijana waliofanya mazoezi mwaka mzima waliketi benchi, na katika robo ya pili nilimwona mmoja wao akifungua kamba za viatu taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejua kwamba hataitwa. Wakati wa mapumziko wale watatu walidai salio la fedha zao kabla ya kurudi uwanjani. Tulipoteza mechi, na kufikia mwisho wa mwaka wageni walikuwa wameondoka na nusu ya vijana nao walikuwa wameacha kikapu.

Upande wa pili wa mizani kuna kulea. San Antonio Spurs walimchagua Tim Duncan wa kwanza kabisa mwaka 1997, jambo ambalo kila timu ingelifanya, lakini pia walimpata Manu Ginobili katika nafasi ya 57 mwaka 1999 na Tony Parker katika nafasi ya 28 mwaka 2001. Watatu hao, chini ya kocha mmoja, Gregg Popovich, walitwaa ubingwa wa 2003, 2005, 2007 na 2014. Golden State Warriors walimchagua Stephen Curry wa saba mwaka 2009, Klay Thompson wa kumi na moja mwaka 2011 na Draymond Green wa 35 mwaka 2012. Ubingwa wa kwanza wa watatu hao ulikuja 2015. Denver walimpata Nikola Jokic katika nafasi ya 41 mwaka 2014, wakasubiri hadi 2023. Mtu aliyekulia kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, ataelewa hesabu hii upesi: mbuni ukiupanda leo, hutachuma kahawa kabla ya miaka kama mitatu, na katika miaka hiyo bado lazima upalilie, uuwekee kivuli cha migomba na uulinde na magonjwa. Kulea si kusubiri huku umekunja mikono.

Waliodhani kwamba kulea ni kukusanya chipukizi tu ni Philadelphia. Kuanzia mwaka 2013 waliacha kupigania ushindi ili wapate zamu za mwanzo za drafti, na msimu wa 2015/16 walishinda mechi 10 wakafungwa 72. Walimpata Joel Embiid, mchezaji mkubwa kweli, na baadaye Ben Simmons na Markelle Fultz, wote wawili wakiwa wa kwanza katika drafti za miaka yao. Huyo Fultz ndiye waliyemchukua kwa ile nafasi waliyobadilishana na Boston. Tangu mpango huo uanze hadi mwaka 2025 hawakuvuka raundi ya pili ya mtoano. Kwa maoni yangu kosa lao kubwa lilikuwa kuwaacha watoto bila wakubwa. Kijana wa miaka ishirini anayefungwa mechi sabini kwa mwaka, bila mkubwa wa kumwonyesha namna ya kujiandaa, anajifunza kufungwa. Ligi yenyewe iliona ubaya wa jambo hilo, na mwaka 2019 ilizipa timu tatu za mwisho uwezekano sawa wa asilimia 14 kila moja wa kupata zamu ya kwanza, ili kushika mkia kusiwe na faida kubwa.

Mfano wa pili unatugusa Watanzania. Katika drafti ya 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wetu katika nafasi ya pili, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba. Wengi hapa kwetu bado huzungumza kana kwamba lawama ni ya Hasheem, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Memphis tayari walikuwa na senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, Marc Gasol, aliyekuwa akikua kwa kasi. Walimchagua mtu wa nafasi ile ile, wakampa dakika chache, wakampeleka kwenye ligi ya kukuza wachezaji katika msimu wake wa kwanza, na mwezi Februari 2011 wakamtoa kwenda Houston ili wampate Shane Battier, yule yule aliyekuja kuwa bingwa na Miami. Kijana aliyeanza kikapu akiwa amechelewa, tena mwenye urefu wa mita 2.21, alihitaji miaka na mwalimu wa karibu. Alipata benchi. Hapo uwanjani kwetu yupo kijana mrefu kuliko wenzake wote, nao wamempachika jina la Thabeet. Kila nikilisikia likiitwa najiuliza kama sisi tutamfanyia vizuri kuliko Memphis walivyomfanyia mwenye jina.

Njia ya tatu, ya timu iliyolingana bila nyota mmoja anayewazidi wote, ina mfano mzuri sana mmoja, nao ni Detroit Pistons ya 2004. Ben Wallace hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Chauncey Billups alikuwa amepita Boston, Toronto, Denver na Minnesota kabla ya kutulia. Pamoja na Richard Hamilton, Tayshaun Prince na Rasheed Wallace, waliwafunga Lakers ya Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton kwa mechi nne kwa moja, na katika mechi ya tatu Lakers walifunga pointi 68 tu. Hakukuwa na mtu mmoja katika wale watano ambaye ungeweza kumwandama. Naipenda timu ile kuliko zote nilizopata kuziona, lakini sitawashauri watu waitegemee njia hiyo, kwa sababu wengi wameijaribu tangu hapo na wachache sana wameirudia. Tunachoweza kukichukua kwao ni ulinzi, ambao haununuliwi ghali na ambao kijana wa Pasua hapa Moshi anaweza kuujua sawa na kijana wa Detroit akiwa na kocha anayeudai kila siku.

Kama ningeruhusiwa kuonyesha tukio moja tu kwenye kikao, ningeonyesha usiku ambao njia mbili zilikutana kwenye ringi moja. Ni tarehe 12 Mei 2019, mechi ya saba kati ya Toronto Raptors na Philadelphia, pointi 90 kwa 90, zimebaki sekunde nne na kidogo. Kawhi Leonard anapokea mpira, anakimbia kuelekea kona ya kulia huku Embiid akimfuata na mkono umeinuka, anautupa juu sana akiwa anakaribia kutoka nje. Muda unakwisha mpira ukiwa hewani. Unagonga ringi mara ya kwanza, unaruka. Mara ya pili. Mara ya tatu, ukiwa umehamia upande wa pili. Mara ya nne, kisha unazama. Toronto 92, Philadelphia 90, na mwezi uliofuata Toronto ni mabingwa.

Mtu anaweza kusema ile ilikuwa bahati, na kwenye fainali pia Golden State walimpoteza Durant na Thompson kwa majeraha. Nakubali. Lakini tazama jinsi Toronto walivyofika mahali ambapo bahati ingeweza kuwafaa. Masai Ujiri, Mnigeria aliyekuwa akiiongoza timu hiyo, alikuwa na vijana waliopikwa pale pale: Pascal Siakam wa Kamerun aliyechaguliwa wa 27 mwaka 2016, na Fred VanVleet ambaye hakuchaguliwa kabisa. Msingi huo ulipokuwa imara, ndipo mwaka 2018 alipomtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili ampate Leonard, akijua kwamba mkataba wa Leonard ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Mwezi Februari 2019 akamwongeza Marc Gasol, yule yule wa Memphis, na katika mechi zile saba Gasol ndiye aliyekuwa akimbana Embiid chini ya kikapu. Leonard aliondoka baada ya ubingwa, na timu haikubomoka, kwa kuwa vijana walibaki. Milwaukee walipita njia hiyo hiyo: walimlea Giannis Antetokounmpo tangu alipochaguliwa wa 15 mwaka 2013, wakamnunua Jrue Holiday mwaka 2020, wakawa mabingwa 2021. Boston ya 2024 pia iliwaongeza Holiday na Kristaps Porzingis baada ya Brown na Tatum kukomaa.

Oklahoma City Thunder nawaweka juu ya wote kwa utaratibu. Mwaka 2019 walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers wakampata Shai Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la nafasi za drafti, na mojawapo ndiyo iliyowapa Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Kuanzia msimu wa 2020/21 walishinda mechi 22, kisha 24, kisha 40, kisha 57. Walipofikia 57 ndipo walipotafuta wakubwa wawili, Alex Caruso kwa ulinzi na Isaiah Hartenstein kwa rebaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na msimu wa 2024/25 wakashinda 68 na kuwa mabingwa. Mechi ya saba ya fainali dhidi ya Indiana niliitazama saa tisa usiku, na nilipotoka nje kulipokuwa kunapambazuka nilikuwa na hakika kwamba nimeona jambo linaloweza kuigwa hata na watu wasio na fedha: walijua wanachokosa kabla ya kukinunua.

Nikiziweka njia hizi bega kwa bega, tofauti kubwa haipo kwenye kasi bali kwenye bei ya kukosea. Anayenunua akikosea, anapoteza fedha na kesho yake kwa pamoja, kama Brooklyn. Anayelea akikosea kumchagua kijana mmoja, bado anao tisa na kocha wao, kama Memphis ambao licha ya kosa la 2009 walifika nusu fainali mwaka 2013. Kwa hiyo timu yenye vijana saba au wanane waliokomaa, inayojua kwa uhakika kwamba inafungwa kwa sababu ya pengo moja, inafanya vyema kununua, na isicheleweshe. Timu yenye mfadhili wa msimu mmoja na isiyo na vijana inaweza kununua pia, ila iwaambie wachangiaji wake ukweli kwamba msimu huo ndio mwanzo na mwisho. Sisi hatumo katika makundi hayo mawili. Sisi tunao vijana kumi ambao hawajafundishwa vya kutosha, na hatujui bado pengo letu ni lipi, kwa kuwa hawajapata msimu mmoja kamili wenye kocha mmoja.

Kwa sababu hiyo napendekeza sehemu kubwa ya mfuko imlipe kocha kwa misimu miwili, na sehemu inayobaki iwekwe benki kwa ajili ya mchezaji mmoja, si wawili, atakayetafutwa mwanzoni mwa msimu wa pili baada ya kuona tunafungwa wapi. Mchezaji huyo awe mtu mzima wa tabia, anayekubali kufanya mazoezi na vijana juma zima na kukaa nao, si wa kushuka kwenye basi siku ya mechi. Kuhusu matumizi ya kwanza kabisa nina ombi dogo. Kijana wetu mrefu, huyo wanayemwita Thabeet, anacheza na viatu vya kuazima vinavyombana hadi hukaa chini kila mapumziko kuvua na kukunjua vidole. Kabla mtu yeyote hajatumiwa nauli kutoka Dar es Salaam, naomba mweka hazina aende naye sokoni Jumamosi hii, wavitafute viatu vya saizi yake.